Mzio wa Dawa: Dawa ya Kutengenezewa Itakufaa Lini?

Wafamasia wetu wanajibu barua za wasomaji

Barua tulizopokea kuhusu mzio wa dawa zimebeba tumaini moja: kwamba ipo famasi inayoweza kumtengenezea mgonjwa dawa yake peke yake, ikaondolewa kinachomdhuru, naye akapona bila kuwashwa. Famasi hizo zipo na kazi yao ni ya thamani kubwa. Ila zinamfaa mgonjwa wa aina moja na hazimfai wa aina nyingine, na kukosea hapo kunaweza kugharimu maisha.

SWALI: Ndugu wafamasia, nimetumia vidonge vya presha vya amlodipini vya kampuni moja kwa miaka bila tatizo. Safari hii nilipewa vya kampuni nyingine. Saa mbili baadaye nikatoka mabaka ya kuwasha kifuani na mikononi. Kesho yake nikameza tena, ikawa vilevile. Je, nimepata mzio wa amlodipini? Niende kutengenezewa dawa yangu?

JIBU: Kwa maelezo yako, amlodipini si mshukiwa wa kwanza. Kiini cha dawa ni kilekile katika vidonge vyote viwili, na vile vya mwanzo umevimeza miaka mingi salama. Kilichobadilika ni vitu vingine vinavyotiwa ili kidonge kiwe kidonge: kijazio cha kukipa ukubwa, gundi ya kukishikanisha, kitu cha kukisambaratisha tumboni, kilainishi cha kuzuia unga usigande kwenye mashine, rangi, na ngozi ya juu. Hivyo ndivyo tunavyoviita visaidizi. Kidonge chenye miligramu 5 za amlodipini kinaweza kuwa na uzito wa miligramu 200, maana yake miligramu 195 unazomeza si dawa.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 ulipekua dawa za kumeza zinazouzwa nchini humo, ukakuta zaidi ya asilimia 90 zina angalau kisaidizi kimoja kinachojulikana kuwaletea baadhi ya watu mzio au usumbufu. Laktosi peke yake ilikutwa katika takriban asilimia 45. Kwa hiyo uliyoyaona si mageni kwetu.

Kabla ya kutafuta famasi ya kutengenezewa, fanya hivi. Chukua vijikaratasi vya maelezo vilivyo ndani ya maboksi yote mawili, utafute sehemu inayoorodhesha vilivyomo, kisha uandike orodha mbili sambamba. Kila kilichomo katika zote mbili kifute, kwa sababu umeshathibitisha mwenyewe kwamba unakivumilia. Vinavyobaki upande wa dawa mpya ndio washukiwa, na mara nyingi hawazidi watatu au wanne. Angalia kwanza rangi, hasa tartrazini (E102), njano ya machungwa (E110) na nyekundu ya karmini (E120), ambayo hutokana na wadudu. Kisha angalia makrogoli, povidoni, jelatini na wanga wa ngano. Selulosi ni nadra sana kuwa na kosa.

Mpelekee mfamasia orodha hiyo akutafutie amlodipini ya kiwandani isiyo na washukiwa hao, au akurudishie ile ya zamani. Ikipatikana, chukua hiyo. Tunalisema hili tukijua linakwenda kinyume na matumaini ya wengi: dawa ya kiwandani inayokukubali ni bora kuliko ya kutengenezewa, kwa kuwa kila toleo lake limepimwa maabara kabla ya kutoka. Dawa ya kutengenezewa ni ya kukimbilia pale ambapo hakuna chapa hata moja sokoni inayokufaa.

Tafadhali usirudie tena kumeza dawa iliyokutoa mabaka ili kuhakikisha. Mara ya pili au ya tatu inaweza kuja na uvimbe wa midomo na koo. Majaribio ya namna hiyo hufanyiwa kliniki, adrenalini, dawa ya kuokoa anayezidiwa na mzio, ikiwa mezani.

SWALI: Nina mzio wa penisilini tangu utotoni. Je, famasi ya kutengeneza dawa inaweza kunitengenezea amoksilini isiyonidhuru?

JIBU: Haiwezi. Amoksilini yenyewe ni aina ya penisilini. Famasi inaweza kuondoa rangi, kuondoa laktosi, kubadilisha ganda la kapsuli. Haiwezi kuondoa amoksilini ndani ya amoksilini. Kama kinga yako inashambulia kiini chenyewe, hakuna uchanganyaji utakaokuokoa, na yeyote atakayekuahidi hivyo mkimbie.

Lakini tunakuuliza jambo moja: nani alithibitisha mzio huo? Katika nchi zilizochunguza suala hili, takriban mtu mmoja kati ya kumi ameandikiwa kwenye faili kwamba ana mzio wa penisilini, na wanapopimwa ipasavyo, zaidi ya asilimia 90 yao wanakutwa hawana. Wengine walitoka vipele vya virusi utotoni wakati wakinywa dawa, lawama ikaiangukia dawa. Wengine waliharisha tu. Hata wenye mzio wa kweli, takriban asilimia 80 huupoteza baada ya miaka kumi bila kukutana na dawa hiyo.

Omba rufaa kwa daktari wa mzio. Atakuhoji kwa undani, na pengine atakuchoma ngozi kwa kiasi kidogo sana cha dawa, kisha akupe dozi ya kumeza ukiwa chini ya uangalizi. Dawa za kuzuia mwasho, kama setirizini, huachwa siku kadhaa kabla ya kipimo cha ngozi, kwa kawaida siku 5 hadi 7, la sivyo zitaficha jibu. Asiyepaswa kujaribiwa tena kabisa ni yule aliyetoka malengelenge, ngozi ikabambuka, au akapata vidonda mdomoni na machoni baada ya dawa. Huyo aiepuke maisha yake yote, hata kama ni miaka hamsini imepita.

Ukithibitika una mzio, bado kuna njia. Sefazolini, kwa mfano, ni antibiotiki ya jamii nyingine, nayo ina umbo la pembeni lisilofanana na la penisilini yoyote, hivyo wengi huipokea vizuri. Sefaleksini na sefadroksili, za jamii hiyohiyo, zinafanana zaidi na amoksilini, kwa hiyo huhitaji tahadhari. Na pale ambapo penisilini haina mbadala, kama kwa mjamzito mwenye kaswende, hospitali humzoesha mgonjwa: huanza na sehemu ndogo mno ya dozi na kuiongeza maradufu kila dakika 15 hadi 30 mpaka dozi kamili. Hapo ndipo mfamasia anaingia, maana yeye ndiye anayeandaa myeyusho uliopunguzwa hatua kwa hatua. Ustahimilivu huo hudumu dawa ikiwa inaendelea kuingia mwilini. Ukiacha kwa siku chache, unaanza upya.

SWALI: Mwanangu wa miaka minne, kilo 16, ana pumu. Dawa ya maji ya prednisoloni tunayopewa ni nyekundu na ina harufu ya matunda. Kila akiinywa anatoka vipele shavuni na kuwashwa. Vidonge hawezi kumeza. Tufanyeje?

JIBU: Mama au baba, hapa ndipo dawa ya kutengenezewa inapofaa kweli. Dawa za maji za watoto zimejaa vitu ambavyo kidonge mara nyingi hakina au huwa navyo kidogo: rangi, ladha, sukari au vitamu mbadala, na vihifadhi kama sodiamu benzoeti na parabeni. Daktari akiandika, mfamasia anaweza kuchukua unga halisi wa prednisoloni na kuuelesha kwenye maji mazito yasiyo na rangi wala ladha.

Waambie wazi kuhusu ladha. Wengi husahau kwamba ladha za matunda za famasi mara nyingi huyeyushwa katika propilini glaikoli, na mtoto anaweza kuwa anadhurika na hiyo, si na rangi. Prednisoloni ni chungu, hatutaki kuwadanganya. Heri mtoto anyweshwe haraka kisha apewe kinywaji anachokipenda kuliko kurudisha ladha ambayo huenda ndiyo chanzo.

Sasa sehemu ya hatari. Dawa ya kiwandani ya prednisoloni inaweza kuwa na miligramu 1 kwa kila mililita, na ya kutengenezewa ikawa na miligramu 5. Tuseme daktari ameagiza miligramu 16. Kwa ile ya kwanza ni mililita 16, kwa hii ni mililita 3.2. Mzazi akiendelea kupima mililita zilezile alizozoea, mtoto amekunywa dozi mara tano. Makosa ya namna hii ndiyo yanayotutia hofu zaidi kwenye dawa za kutengenezewa za watoto, kuliko mzio wenyewe. Omba lebo iandikwe kwa miligramu na kwa mililita pamoja, omba bomba la kupimia lisilo na sindano, na mfamasia aliwekee alama pale dozi inapofikia. Msiondoke dirishani kabla hamjavuta dozi moja mbele yake.

Dawa hiyo ni unga unaoelea, si myeyusho. Ukikaa huzama. Asiyetikisa chupa humpa mtoto maji matupu siku za mwanzo na dawa nzito siku za mwisho. Tikisa mpaka chini pasibaki utando, kisha vuta mara moja. Dawa ya maji isiyo na kihifadhi iwekwe kwenye friji na itupwe baada ya siku 14. Yenye kihifadhi ni siku 35. Huo ndio ukomo wa kawaida katika viwango vya Marekani vilivyoanza kutumika Novemba 2023, pale ambapo hakuna vipimo maalumu vya maabara kuhusu uimara wa mchanganyiko huo.

SWALI: Mtoto wangu ana mzio wa maziwa. Nimesoma kwenye boksi kuna laktosi. Nisimpe?

JIBU: Laktosi ni sukari ya maziwa, na mzio wa maziwa ni wa protini. Laktosi ya famasi husafishwa, na kwa vidonge wengi wenye mzio wa maziwa hawapati shida, ila mabaki ya protini yanaweza kuwapo. Hatari inayojulikana zaidi ni katika dawa za unga za kuvuta zenye laktosi, na katika sindano za methilprednisoloni za miligramu 40 zenye laktosi: wapo waliopata mshtuko wa mzio, yaani mzio wa mwili mzima unaohatarisha maisha, na mbaya zaidi ni kwamba sindano hiyo hutolewa kutibu mzio, hivyo hali ikizidi watu hudhani ugonjwa umekua. Mwambie kila daktari na muuguzi kabla ya sindano.

Kwa asiyeweza tu kumeng'enya laktosi, mambo ni mepesi. Kidonge kwa kawaida huwa na chini ya nusu gramu, na watu wengi wa aina hiyo huvumilia hadi gramu 12 kwa mara moja.

SWALI: Ninatumia levothairoksini kwa ajili ya tezi ya shingoni. Imebainika kuwa rangi ndizo zinazonitoa vipele. Famasi ya jirani iko tayari kunitengenezea kapsuli. Unashauri?

JIBU: Subiri kwanza. Vidonge vya levothairoksini hupakwa rangi ili dozi zitofautiane kwa macho, lakini katika chapa nyingi kile cha mikrogramu 50 ni cheupe na hakina rangi. Daktari anaweza kuijenga dozi yako kwa hicho: 75 ni kimoja na nusu, 100 ni viwili, 125 ni viwili na nusu. Soma kijikaratasi cha chapa yako kuhakikisha. Zipo pia kapsuli laini za kiwandani zenye jelatini, glisarini na maji tu.

Tunakuzuia kwa sababu levothairoksini hupimwa kwa mikrogramu, huharibika kwa mwanga, joto na unyevu, na tofauti ndogo hubadilisha hali yako. Kosa la kuchanganya ambalo kwenye dawa nyingine lisingeonekana, hapa litaonekana kwenye mapigo ya moyo. Ikilazimu kutengenezewa, au hata ukibadilisha chapa tu, pima damu kwa homoni ya TSH, inayoonyesha kama dozi ya tezi inatosha, baada ya wiki 6 hadi 8.

Na kisaidizi si kitu cha kubadilishwa kwa wepesi. Mwaka 1968 huko Brisbane, Australia, wagonjwa wa kifafa waliokuwa wakitumia fenitoini walianza kuyumba na kuona viwili viwili. Dozi haikuwa imebadilishwa. Kiwanda kilikuwa kimeondoa kijazio cha kalsiamu salfeti kwenye kapsuli na kuweka laktosi. Kalsiamu ilikuwa ikizuia sehemu ya dawa isiingie mwilini, na ilipoondoka, dawa ikaingia yote. Kwa hiyo mwenye kutumia fenitoini, wafarini, digoksini, lithiamu au dawa za kuzuia mwili usikatae kiungo kilichopandikizwa, akibadilishiwa kijazio, apimwe damu upya. Tusikilizwe katika hili.

SWALI: Daktari wangu wa mzio amekubali nitengenezewe kapsuli za prednisoloni zisizo na laktosi wala rangi. Nitajuaje kwamba famasi inajua kazi yake? Niulize nini?

JIBU: Swali zuri, na ili uulize vizuri ni lazima ujue kinachofanyika nyuma ya kaunta.

Tuseme unahitaji kapsuli 60 za miligramu 5. Dawa yote ni miligramu 300, unga mdogo usiojaza hata kijiko cha chai. Kwa kuwa sehemu hubaki kwenye kinu na mashine, mfamasia huandaa za ziada kidogo, kwa mfano 63, hivyo anapima miligramu 315. Ganda la kapsuli la ukubwa uitwao namba 3 lina ujazo wa takriban mililita 0.3. Anapima kwanza kujua linajaa kwa uzito gani. Tuseme ni miligramu 110 za mchanganyiko. Mara 63 ni miligramu 6,930. Akitoa dawa, kijazio kinachohitajika ni miligramu 6,615.

Hapo ndipo ustadi unapoonekana. Asiyejua humwaga vyote pamoja na kukoroga, na kapsuli moja ikatoka na miligramu 2, nyingine 12. Anayejua huchukua dawa yote, miligramu 315, akaisaga na kijazio cha uzito uleule. Zikishalingana anaongeza kijazio 630, kisha 1,260, kisha 2,520, mwisho anamalizia 1,890 zilizobaki. Kila mara anaongeza kisichozidi kilichomo kwenye kinu, na kila mara anakwangua kuta. Ni kazi ya subira na haiharakishwi.

Swali lako la kwanza liwe hili: mnatumia unga halisi wa dawa au mnaponda vidonge vya kiwandani? Likikujia jibu la kuponda, na mzio wako ni wa visaidizi, simama hapo. Laktosi na rangi za kidonge zimekufuata ndani ya kapsuli mpya. Kosa hili hutokea kwa nia njema kabisa, kwa kuwa kuponda ni njia halali kwa mgonjwa asiyeweza kumeza, lakini kwako wewe ni kazi bure.

La pili ni kijazio. Famasi nyingi hutumia laktosi kwa mazoea. Wewe unataka selulosi ya fuwele ndogo, na jina hilo liandikwe kwenye cheti cha daktari, lisibaki maneno ya mdomo. Hata unga wenyewe wa dawa uangaliwe: baadhi ya dawa zinazopimwa kwa mikrogramu huuzwa kwa famasi zikiwa zimeshachanganywa na kijazio ili zipimike. Mfamasia asome cheti cha uchambuzi kilichokuja na kopo.

Kisha ganda. Ganda la kawaida ni jelatini ya ng'ombe au nguruwe, na wenye mzio wa sukari ya nyama iitwayo alfa-gali, unaotokana na kuumwa na kupe, wanaweza kudhurika nayo. Hao na wasiokula bidhaa hizo waombe ganda la hipromelosi, ambalo hutokana na mimea. Na liwe angavu, kwa sababu ganda la rangi linarudisha kile ulichokikimbia.

Swali ambalo hakuna mgonjwa anayelikumbuka: mnatia rangi ya kuangalia uchanganyaji? Baadhi ya wafamasia hutia chembe ya rangi ya chakula kwenye unga, na rangi ikienea sawasawa wanajua dawa imeenea. Ni mbinu nzuri kwa wengine. Kwako waiache.

Mwisho uliza kuhusu vyombo na mizani. Kinu cha kaure kina vinyweleo vinavyoshika rangi na unga wa kazi iliyopita. Cha kioo husafishika vizuri zaidi. Kama asubuhi palitengenezwa kapsuli za amoksilini kwenye mashine ileile, na mchana anakuja mwenye mzio wa penisilini, kupangusa kwa kitambaa hakutoshi. Kapsuli zikishajazwa, kadhaa hupimwa moja moja, na isiwepo inayopishana na uzito uliokusudiwa kwa zaidi ya asilimia 10. Famasi inayofanya hivyo ina karatasi ya kumbukumbu ya kila toleo na itakuonyesha bila kusitasita. Ukiona wanachukizwa na maswali yako, nenda kwingine.

Kapsuli ya kwanza imeze kliniki, siku ya kazi, asubuhi. Usiimeze peke yako usiku.

SWALI: Krimu ya haidrokotisoni niliyopewa kwa ukurutu inazidi kuniwasha. Nimebadilisha tatu.

JIBU: Acha kubadilisha, kapime. Krimu ina maji, na penye maji lazima pawe na kihifadhi na kiunganishi: parabeni, propilini glaikoli, pombe ya setostearili, wakati mwingine lanolini na manukato. Kipimo chako ni cha viraka vinavyobandikwa mgongoni, vinatolewa baada ya saa 48, ngozi inasomwa hapo na tena siku ya tatu au ya nne. Usomaji wa pili usiukose, maana mzio wa aina hii huchelewa kutokeza. Usipake dawa za steroidi, kundi la haidrokotisoni, mgongoni wiki moja kabla.

Mkosaji akiwa kwenye krimu, marhamu ya kutengenezewa ni kazi nyepesi kwa famasi: kwa gramu 30 za asilimia 1, gramu 0.3 za unga laini wa haidrokotisoni na gramu 29.7 za parafini laini nyeupe, yaani mafuta mazito ya kupaka, si mafuta ya taa. Unga hulainishwa kwanza kwa sehemu ndogo ya parafini juu ya bamba la kioo, mpaka ukipaka kidoleni usihisi chembe, ndipo nyingine iongezwe. Kwa kuwa haina maji, haihitaji kihifadhi. Itang'aa na kushika nguo, lakini kwa ngozi kavu ina faida ya ziada.

Viraka vikionyesha ni haidrokotisoni yenyewe inayokudhuru, na hutokea, daktari akuhamishie steroidi ya kundi jingine.

SWALI: Nilizimia kwa daktari wa meno baada ya sindano ya ganzi. Niliambiwa nina mzio wa ganzi. Je, nitengenezewe yangu?

JIBU: Mzio wa kweli wa lignokaini, dawa ya ganzi itumiwayo sana, ni nadra mno. Waliozimia wengi wao ni kwa hofu tu, na waliohisi moyo kwenda mbio walihisi adrenalini iliyochanganywa humo. Wachache hudhurika na parabeni iliyo kwenye vichupa vya kutumika mara nyingi, au na salfaiti inayolinda adrenalini isiharibike. Omba upimwe kwa lignokaini tupu ya kiwandani, ya kichupa cha matumizi ya mara moja, isiyo na kihifadhi wala adrenalini.

Sindano ya kutengenezewa iwe ya mwisho kabisa. Kidonge kilichochafuka hupitia tumboni, sindano haina mlango wa kuichuja. Mwaka 2012 nchini Marekani, sindano za steroidi zilizotengenezwa na famasi moja zilikuwa na kuvu. Zaidi ya watu 700 waliugua na zaidi ya 60 wakafariki.

SWALI: Nina mzio wa salfaiti. Nimesoma kwamba hata sindano ya adrenalini ina salfaiti. Nikipatwa na mshtuko niikatae?

JIBU: Usiikatae. Kiasi kilichomo ni kidogo, na katika mshtuko wa mzio hakuna dawa nyingine ya kushika nafasi ya adrenalini. Salfaiti si sababu ya kuinyima.

Koo likibana, pumzi ikikata, ukizirai, au mabaka yakiambatana na kutapika mfululizo baada ya dawa, choma upande wa nje wa paja, katikati, ndani ya msuli. Kiasi ni miligramu 0.01 kwa kilo, isizidi 0.5 kwa mtu mzima na 0.3 kwa mtoto. Lala chali na miguu iinuliwe, au kaa ukiwa unahema kwa shida, usisimame ghafla. Hali isipobadilika, rudia baada ya dakika 5 hadi 15. Nenda hospitali hata ukijisikia nafuu, kwa sababu dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye. Ukifika, omba damu ipimwe triptesi, kitu kinachopanda kwenye damu wakati wa mshtuko wa mzio, ndani ya saa nne tangu dalili zianze, na tena siku nyingine ukiwa mzima. Jibu hilo litamsaidia daktari wa mzio kuliko maelezo yoyote utakayotoa baadaye.

SWALI: Kapsuli zangu za kutengenezewa zimebaki kumi na tano. Ni mwezi wa saba sasa tangu zitengenezwe. Zinaonekana nzima. Nimalizie?

JIBU: Hapana. Kapsuli kavu za kutengenezewa, zisizo na vipimo vya uimara, mwisho wake ni siku 180, na mara nyingi chini ya hapo kutegemea dawa. Zirudishe famasi waziteketeze. Na agizo jipya lifikishwe wiki mbili kabla ya dawa kwisha, maana ganda la hipromelosi na unga halisi si kila siku vipo kwenye rafu, na mgonjwa aliyeishiwa ndiye anayekubali kupokea laktosi kwa sababu ya haraka.